Mguu Uliotazama Kando

Ukitaka kumjua mtu aliyesukuma chukudu miaka mingi, usihangaike na uso wake. Mwangalie miguu akiwa amesimama tu, akisubiri chenji au akiongea na jirani. Mmoja utakuwa umetazama mbele kama miguu ya watu wote, na wa pili umetazama kando kana kwamba kuna mtu ameuita. Hitimana alikuwa na mguu wa namna hiyo, wa kuume, na kwa miaka mingi hakuuona kuwa kasoro.

Alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na mitano, akiteremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba hadi Goma. Chukudu haina kiti wala pedali. Ni mbao tupu juu ya magurudumu mawili. Goti lake la kushoto lilikaa juu ya ubao, kwenye kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari, na mguu wa kuume ndio uliosukuma ardhi. Kila ulipokanyaga ilibidi ugeukie nje, maana ukinyooka, gurudumu la nyuma linakukwangua kisigino hadi damu. Alisukuma hivyo miaka kumi na tisa. Mwishowe mguu ukaona hakuna haja ya kurudi mbele, ukabaki hukohuko hata siku za kupumzika.

Vita vilipowatoa Kibumba, alikimbia na mke wake Donatille, watoto watatu na ile chukudu. Kambini kuni zilipokwisha, aliazima shoka akaipasua mwenyewe, vipande vikawekwa chini ya sufuria, maharage yakaiva. Kambi nazo zilipovunjwa, wakapata chumba kimoja cha mbao huko Murara, juu ya mawe ya volkano, na Hitimana akawa mwanamume mwenye nguvu zake zote asiye na kitu cha kusukuma. Watu wanaopenda kusema kwamba mikono miwili yatosha hawajawahi kuamka asubuhi hivyo.

Kazi aliletewa na mkewe. Donatille alikuwa akiosha sahani kwenye malewa ya Mama Gisèle, kibanda cha chakula huko Katindo, cha mbao na turubai, ambako watu wa kazi hula maharage na fufu kuanzia saa nne. Mama Gisèle alikuwa mjane wa upande wa Bukavu, mkatoliki wa kweli, mkali kwa sufuria na mpole kwa watoto. Mume wake Edmond, aliyekuwa karani, alimwachia baiskeli ya kijani ya Ulaya, ya chuma cha zamani. Siku za Jumapili alikuwa akiikimbiza hadi Sake na wenzake wa klabu. Alikuwa ameifungia kwenye kila pedali kishikio cha chuma na mkanda, ili mguu uingie kama ndani ya kiatu, unyooke, usicheze. Tangu afe, baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na Mama Gisèle alikuwa akinunua maji kwa watu wanaofika wakitaka, wasipotaka hawafiki.

Mama Gisèle alitaka Hitimana amletee maji kwa baiskeli hiyo, ila ikabidi familia ya marehemu iulizwe. Bienvenu, mdogo wake Edmond, alikuja na shangazi wawili, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema.

"Kwetu bintu bya marehemu habiguswe mbele ya misa ya mwaka. Itembee kazi, sawa, ni kwa ajili ya nyumba yake. Lakini siku ya misa irudie hapa vile iko leo. Ikirudia vile iko, itabakia ya muke wake, sitasema kitu. Ikiguswa hata kidogo, itarudia ku famille."

"Sawa," Mama Gisèle akasema. Kisha akamgeukia Hitimana aliyekuwa amesimama mlangoni. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Asubuhi unaniletea maji ya malewa, safari mbili. Kiisha siku yote inayobakia ni yako, uuzie mutu unayetaka. Na kisipoguswa kitu, nyuma ya misa utaendelea nayo."

Misa hiyo, ya kutimiza mwaka tangu kifo, ilikuwa bado miezi mitano. Hitimana alitoka pale akiwa na baiskeli mkononi, kinga kama waitavyo watu wa Goma, na furaha ya kumfanya ashindwe kupumua. Mtu wa chukudu hafundishwi kusimama juu ya magurudumu mawili. Alasiri moja ilimtosha. Kesho yake alishuka Himbi, akajaza mabidoni manne, yale madumu ya plastiki, ziwani, mawili kila upande, akapanda Katindo jua likiwa bado halijachoma. Mama Gisèle akacheka alipoona maji yakimiminwa kwenye pipa kabla hata hajawasha moto.

Ila kulikuwa na kile kishikio. Marehemu Edmond alikuwa na miguu ya ofisini, inayotazama mbele kama askari wa gwaride, na baiskeli ilikuwa imefungwa kwa kipimo chake. Hitimana aliusukuma mguu wa kuume ndani ya chuma, akaubana na mkanda, ukanyooka kwa nguvu. Siku ya nne alianza kusikia kitu ndani ya goti, upande wa ndani, kama punje ya mchanga. Wiki ya pili punje ilikuwa jiwe. Alijaribu kuigeuza pedali na kukanyaga mgongo wake, lakini kishikio kikawa kinakwaruza mawe ya barabara, na mguu ulipogeuka kando kama ulivyozoea, kisigino kilipiga manivela, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, kila mzunguko. Kifundo kikachubuka. Akaurudisha mguu ndani ya chuma, akauma meno.

Na kwa nini hakusema? Hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa najua kwa nini. Watu wa chukudu wana sheria isiyoandikwa popote: mguu ukikuuma, funga mdomo. Mwenye mzigo akisikia kwamba mguu wako unauma, kesho mzigo wake uko juu ya chukudu ya mwingine, na hata ukipona haurudi. Hitimana aliwaona wenzake wakimalizika hivyo, akajifunza kujibu kabla hajaulizwa kwamba yuko salama. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alikuwa na watoto watatu tayari, labda aliona methali haimhusu.

Mwezi wa pili goti lilivimba, suruali ikawa inakwama hapo. Akalifunga kwa kipande cha kitenge. Maji yakaanza kuchelewa, kwanza robo saa, kisha nusu. Asubuhi moja alimkuta Mama Gisèle amesimama nje ya malewa, mikono kiunoni, moto unawaka chini ya sufuria tupu.

"Saa moja na nusu, Hitimana. Niko napika na mate?"

"Nisamehe, mama. Njia ilikuwa na watu wengi."

Mama Gisèle alimwangalia alivyoshuka, alivyoshika kiti cha baiskeli kabla ya kukanyaga chini. "Uko naumwa?"

"Siumwe, mama. Ni njia tu."

"Ukiendelea vile, nitatafuta mutu mwingine. Unanielewa? Sina mubaya na wewe. Lakini mutu wa njaa hangojake."

Donatille, nyuma ya beseni la sahani, alisikia yote. Jumapili, alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto na chumvi, alimwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia, "Papa Nishimwe, wacha nimwambie Mama Gisèle. Ni mutu anasikiaka."

"Ukimwambia, umenichinja."

"Na ukibakia kilema?"

"Nikibakia kilema na kinga, afazali. Kilema bila kinga tutakula nini?"

Donatille alikunja kitambaa, akakifunga tena. Alikuwa amefunga kwa upole, lakini Hitimana alilia kidogo, akajifanya ni mvuke wa maji.

Lililovunja kimya hicho lilikuwa goti lenyewe. Saa sita ya mchana, kwenye mwinuko wa Murara, akiwa na maji ya wateja wake, lilikataa. Halikuuma zaidi ya siku nyingine, lilikataa tu kukunjuka. Baiskeli ikayumba, mabidoni yakaanguka, mawili yakapasuka, maji yakapotea kati ya mawe meusi. Aliyekuja kumwinua alikuwa mzee Munguakonkwa, fundi wa baiskeli mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Mtu huyu alikuwa na ulimi wa kukwaruza, na watu walivumilia ulimi kwa sababu ya mikono yake.

"Unaendeshaka vile juu ya nini?" aliuliza sababu hata kabla ya kumpa pole. "Nakuonaka unapita hapa kila siku, goti linacheza kama mulango wa choo. Ingia."

Akamkalisha juu ya meza ya kazi, akasukuma pembeni minyororo na koleo.

"Acha miguu ining'inie. Usiisaidie. Ilegeze kabisa."

Hitimana akailegeza. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Unaona? Ule wa kushoto unaangalia ku mulango. Wa kuume uko naangalia kwa jirani."

"Niunyooshe namna gani, muzee?"

"Nani amekuambia uunyooshe? Ndiyo ile inakuua. Unatembea umeangalia kule, unalala umeangalia kule, kiisha unapanda ku kinga unaulazimisha uangalie huku. Goti liko katikati. Litafuata nani?"

Hitimana aliliangalia goti lake. Kwa miezi miwili alikuwa akiamini kwamba mguu wake ni mkaidi na kwamba siku moja utashika adabu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa laweza kuwa la chuma.

"Mutu hafuatake kinga," fundi akamaliza. "Kinga ndiyo inafuataka mutu. Pedali hii tutaitoa."

Hapo Hitimana akaruka kutoka mezani, akakaribia kuanguka. Akaeleza yote: marehemu, misa, Bienvenu, shangazi wawili, irudi vile ilivyo. Fundi alisikiliza akichokonoa meno.

"Basi hatuharibu kitu. Hii inatoka, yangu inaingia. Mbele ya misa yangu inatoka, hii inarudia. Nani atajua?"

Ilikuwa hesabu nzuri, na aliyeipiga alikuwa na miaka thelathini ya ufundi. Hitimana alikaa akitazama pedali ya Edmond na kile kishikio kilichong'aa. Akafikiria kwenda Katindo kwanza, kuomba ruhusa. Akafikiria pia uso wa Mama Gisèle juu ya sufuria tupu. "Fanya," akasema.

Munguakonkwa alimsimamisha juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akachora nyayo zote mbili kwa mkaa, akapitisha mstari kutoka kisiginoni hadi kidole cha pili. Mstari wa kushoto ulikwenda moja kwa moja. Wa kuume ulikwenda zake kando, mbali kuliko hata alivyodhani. Alichonga pedali ya mti wa mikaratusi, pana, iliyoinama kidogo upande wa nje, akaipigilia mpira wa tairi juu ili mguu usiteleze. Kisha akatafuta chuma kirefu cha kuibeba, ili isimame mbali na manivela kwa upana wa vidole viwili, kisigino kipite bila kugusa. Kiti akakipandisha kidogo. Alasiri mbili alimpandisha na kumshusha, akichuna mti kwa kisu, akimfokea kila alipojaribu kusaidia.

"Usiniambie iko muzuri. Sikuulize kama iko muzuri. Zungusha tu, mi nitaona."

Alipomwachia hatimaye, Hitimana aliteremka kuelekea Himbi akiwa anasubiri maumivu. Akasubiri hadi ziwani, na hata alipogeuza na kuanza kupanda na mabidoni manne, mawili ya kuazima, hayakuja. Mguu wake ulikaa pale ulipotaka kukaa, goti likapanda na kushuka bila kubishana na mtu. Katikati ya njia alisimama, akainamia usukani, akalia bila kujificha. Alifurahi, na alikuwa amechoka kuliko alivyojua. Pikipiki zilimpigia honi, naye hakusogea.

Wiki tatu baadaye uvimbe ulikuwa umekwisha. Maji yakafika Katindo kabla ya moto. Mama Gisèle, ambaye aliangalia zaidi kiasi cha maji kuliko kilicho chini ya kiti, alimsifu mbele ya wateja na kumtilia maharage zaidi. Pedali ya Edmond ilikuwa chumbani Murara, imeviringishwa ndani ya gazeti, na Hitimana aliipaka mafuta kila Jumapili kwa uaminifu. Alikuwa na hakika kabisa kwamba hajaharibu kitu. Kupanda mchongoma si shida. Ngoma huja wakati wa kushuka.

Ijumaa, kesho yake ikiwa misa ya mwaka, aliipeleka baiskeli kwa fundi. Munguakonkwa alifungua pedali ya mti, nayo ikatoka na vumbi la chuma. Alichukua ya Edmond, akaiingiza tunduni, akazungusha. Ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, haikushika. Mzee alivaa miwani, akainama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ukali wowote.

"Meno ya ndani yameliwa," alisema. "Ile chuma yangu ilikuwa ndefu. Uzito wako na wa maji vilikuwa vinavuta kila siku. Yangu ilishika kwa sababu ilikula pamoja nayo. Hii haitashika."

"Weka manivela ingine."

"Ya kinga ya zamani vile? Nitaitoa wapi? Siku hizi zote ni za Chine."

Wakatafuta. Hitimana alikwenda soko la Virunga na ile manivela mkononi, akaionyesha kwa kila anayeuza chuma kikuukuu, akarudi, akaenda kwa mafundi wa barabara ya Himbi, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa nazo nene, walikuwa nazo fupi, mmoja alikuwa na inayofanana kabisa isipokuwa ilikuwa ya kushoto, na pedali za kushoto hufungwa kinyume. Alipokuwa akipita kando ya ziwa alifikiria kuitupa baiskeli nzima majini na kusema kwamba amenyang'anywa. Mji huu watu wangemwamini bila kuuliza swali la pili. Alisimama pale na wazo hilo muda wa kutosha kulionea haya. Kisha akarudi Murara.

Fundi alikata ukanda wa bati la kopo la nyanya, akauviringisha kwenye chuma cha pedali, akaigonga kwa nyundo hadi ikakaa.

"Itashika kama mutu anaisukuma kwa mukono," alisema. "Asiipande."

Nyumbani Donatille alisikiliza, akavaa kitenge chake cha kutoka. "Twende sasa. Tumwambie mbele ya famille kufika."

"Kesho," Hitimana akasema. "Pengine hakuna atakayeipanda."

"Papa Nishimwe."

"Nimesema kesho."

Donatille alikaa chini akiwa amevaa hivyohivyo. Nami ningekuwa pale ningemvuta kwa shati, lakini nani aliyewahi kumvuta mtu kutoka ndani ya woga wake?

Misa ilikuwa nzuri. Mama Gisèle alivua nguo nyeusi, akavaa kitenge cha njano alichoshonewa na dada zake, na watu wakasema amerudi kuwa msichana. Uani palikuwa na viti vya kukodi, vinywaji na mapadri wawili. Vitu vya Edmond vilitolewa kimoja kimoja ili familia ivione: saa, koti, redio, viatu. Baiskeli ilikuja mwisho. Hitimana alikuwa ameiosha na kuisugua hadi kijani chake kikang'aa, na aliisukuma kwa mkono, polepole, akiishikilia kama mtu anayebeba mayai.

Bienvenu aliizunguka. Akabonyeza kengele, akabana breki, akagusa vishikio vya pedali vyote viwili na mikanda yake. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, na machoni alikuwa na machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake.

"Iko vile alivyoiacha," alisema. "Mama Gisèle, umetunza. Ni yako."

Watu wakapiga makofi. Hitimana alipumua. Na hapo Bienvenu, mtu mnene, mwenye moyo uliojaa siku hiyo, akashika usukani akasema, "Wacha niipande hata mara moja, kwa ajili yake."

Hitimana alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa limefika kwenye meno. Bienvenu aliingiza mguu wa kuume katika kishikio, akabana mkanda, akaukanyagia kwa uzito wake wote. Bati likachanika. Pedali ikatoka ikiwa bado imefungwa kwenye mguu wake, naye akaanguka na baiskeli juu ya meza ya vinywaji.

Walimwinua. Goti lake lilikuwa linatoka damu, na mkononi alikuwa na pedali ya kaka yake na kipande cha bati chenye rangi ya nyanya.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," Hitimana akasema.

Aliwaeleza, tena vibaya, akianza mwisho na kurudi mwanzo. Alisema kuhusu chukudu, kuhusu kishikio, kuhusu goti. Watu wakatazama chini, wote, mapadri na shangazi, wakautazama mguu wake uliotazama kando. Hakuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Akajaribu kuunyoosha mbele yao, na goti likamuuma papo hapo.

"Tulisema vile iko," Bienvenu akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Ulikuwa unasikia. Uliitika." Shangazi mmoja alisema neno la huruma, mwingine akamnyamazisha kwamba agizo la matanga si mchezo. Mama Gisèle alikuwa amekaa ndani ya kitenge chake cha njano, ameinamisha kichwa, hakumtetea mtu wala kujitetea. Jioni hiyo baiskeli ilipakiwa nyuma ya pikipiki ikaondoka na familia.

Jumatatu Hitimana aliamka mapema kama siku zote. Alichukua bidoni moja, akachukua kamba ya Donatille ya kubebea mzigo, ile inayopita kwenye paji la uso, akashuka ziwani kwa miguu. Wanawake waliokuwa wakichota walimwona mwanamume akijifunga kamba kichwani, wakatazamana, kisha wakamwonyesha jinsi ya kuiweka ili isimkate. Alipanda hadi Katindo ameinama, akiona tu barabara na vidole vyake.

Mama Gisèle alikuwa kwenye malewa, pipa tupu, moto haujawashwa. Hakumfukuza. Alimsaidia kushusha bidoni, wakamimina pamoja katika sufuria ya maharage. Maji hayakufika hata nusu. Donatille, kwenye sahani za juzi, aliacha kuosha.

"Goti?" Mama Gisèle akauliza.

"Limepona, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Tangu ile pedali halikuuma tena. Liko muzuri kabisa."

Mama Gisèle alikaa kwenye benchi. "Juu ya nini haukuniambia? Ningelimwita Bienvenu siku ile ile. Kwa ajili ya mugonjwa hangekataa. Ningelimwambia, angeliona muguu, basi. Juu ya nini, Hitimana?"

"Niliogopa utatafuta mwenye muguu muzuri."

Mama Gisèle alitaka kumjibu haraka, ilionekana. Kisha akatazama sufuria, akatazama barabara ambako watu wa kazi wangeanza kupita kuanzia saa nne.

"Sijue," alisema. "Pengine ningelitafuta."

Hitimana aliitikia kwa kichwa. Alijifunga kamba tena kwenye paji la uso, akachukua bidoni tupu, akarudi ziwani, maana sufuria ilikuwa bado inahitaji maji.